Namna ya Kusawazisha Sauti ya Muziki wa Menyu Katika DVD ya Nyumbani

Mpwa wangu aliniletea DVD ya harusi ambayo muziki wa menyu yake ulivuma kiasi cha kuwafanya wazee waitafute rimoti kwa haraka, kisha hotuba ya baba wa bibi harusi ikaanza kwa sauti ndogo hata wakalazimika kuipandisha tena. Hatua tulizofuata kuirekebisha ni hizi, kwa kutumia DVDStyler (ya kutengeneza DVD na menyu zake), Audacity (ya kuhariri sauti) na FFmpeg (ya kupima na kubadili sauti na video kwa amri za maandishi), ambazo zote hupatikana bure. Sishauri kutegemea masikio peke yake, kwani spika za kompyuta na za televisheni hazisemi jambo moja.

Hatua ya 1: Pima filamu kabla ya muziki

Filamu ndiyo kipimo, na muziki ndio unaoifuata. Andika amri hii kwenye dirisha la amri la kompyuta:

ffmpeg -i filamu.mpg -af ebur128 -f null -

Mwishoni soma namba inayofuata herufi I. Tuseme ni -22 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, ambapo namba iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo sauti kubwa zaidi. Nyimbo nyingi za studio za siku hizi huwa kati ya -14 na -8, na hapo ndipo kelele inapotoka. Mimi huushusha muziki wa menyu LUFS 5 chini ya filamu, yaani -27 katika mfano huu.

Hatua ya 2: Andaa muziki

Katika Audacity, kata kipande unachokitaka, tumia kisawazisha cha ukubwa wa sauti kinachopima kwa LUFS (kipo tangu toleo la 2.4), kisha uweke -27. Fifisha sekunde 2 za mwisho, kwa sababu deki nyingi husita kidogo menyu inaporudi mwanzo, na muziki uliokatika ghafla huudhi. Hifadhi kama WAV ya Hz 48,000 inayotumiwa na DVD, kwani muziki wa CD huwa wa Hz 44,100.

Hatua ya 3: Kagua namba ya dialnorm

Hii ndiyo hatua inayokula muda, kwa kuwa kwenye kompyuta kila kitu husikika sawa. Sauti ya AC-3 (aina ya sauti ya Dolby itumikayo sana kwenye DVD) hubeba ndani yake namba iitwayo dialnorm, kuanzia -31 hadi -1, inayoiambia deki ishushe sauti kwa kiasi gani. Penye -31 deki haishushi chochote. Penye -27 hushusha desibeli 4. FFmpeg, isipoelekezwa vinginevyo, huandika -31 inapotengeneza AC-3, na inaposoma haiitii namba hiyo. Kwa hiyo, ikiwa filamu ilitoka katika programu nyingine ya kuhariri ikiwa na -27, ilhali menyu imetengenezwa na DVDStyler, ambayo hutumia FFmpeg, vipimo vya hatua ya 1 vitaonekana sahihi, lakini kwenye deki filamu itakuwa chini kwa desibeli 4 na menyu itabaki palepale. Tofauti ya 5 uliyoihangaikia itakuwa imebaki 1.

Fungua filamu katika MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili, uitazame namba hiyo. Ikiwa si -31, unaweza kuushusha muziki kwa tofauti iliyopo, lakini mimi napendelea kuitengeneza upya sauti ya filamu bila kuigusa picha, ili pande zote mbili zilingane:

ffmpeg -i filamu.mpg -c:v copy -c:a ac3 -b:a 192k -dialnorm -31 -f dvd filamu2.mpg

Ikiwa sauti ya filamu ni ya aina nyingine, yaani PCM au MP2, hatua hii haikuhusu, maana namba hiyo ni ya AC-3.

Hatua ya 4: Unganisha na ujaribu

Weka WAV katika sifa za menyu ndani ya DVDStyler, kisha uchome kwanza kwenye DVD-RW, ambayo hufutika. Ijaribu kwenye deki na televisheni itakayotumika: panga sauti kwa kufuata hotuba, rudi kwenye menyu bila kugusa rimoti, na muziki ukiwa bado uko juu, ushushe LUFS 2 zaidi kabla ya kuchoma nakala za familia.