Kurudisha pumzi nyongani, kwa mkeka na shanga

Wiki iliyopita nimemalizana na shoga yangu mmoja aliyejifungua mwezi wa nne. Alinijia akilalamika kwamba kuanzia kitovu kwenda chini anajiona kama kavaa mwili wa kuazima: akikohoa mkojo unamtoka, harusini kiuno kimekuwa gogo, mumewe akimgusa anashituka. Wengine watatu wameshaniuliza hayo hayo, na kurekodi sauti za WhatsApp za dakika saba saba kumenichosha. Nayaandika mara moja.

Mimi si daktari. Nafundisha wanawake pumzi na kiuno, na nilichezwa Tanga kama wengi wetu. Ya unyagoni yatabaki unyagoni, msiniulize. Hapa nimechanganya kiuno cha wakubwa, pumzi ya yoga na kidogo cha tantra. Tantra yenyewe ni mapokeo ya dini ya Wahindu na Wabudha, yana zaidi ya miaka elfu moja, yana guru, yaani mwalimu wa kiroho, na mantra, maneno matakatifu ya kurudiarudia, na kuingizwa kwa taratibu zake. Siku hizi yanauzwa kama ufundi wa chumbani tu, tena kwa bei ya mbuzi wawili. Mimi nimechukua kitu kimoja: kuufuata mwili kwa pumzi bila kuuharakisha.

Kabla hujalala mkekani

Kama mkojo unavuja wakati wote, usiku na mchana, tangu ulipojifungua, acha mazoezi uende hospitali. Huenda ni fistula, tundu kati ya kibofu na uke, na inatibika. Hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam wanaitibu. Ukihisi kitu kinashuka ukeni, ukiwa na maumivu makali au damu usiyoielewa, nenda pia. Mzazi asubiri arobaini iishe na damu ikatike. Aliyejifungua kwa kisu asubiri daktari amruhusu. Mwenye mimba kubwa asilale chali, afanye akiwa amekaa au kwa ubavu.

Hatua ya 1: Mkeka

Tandika mkeka, kanga juu yake, mto mdogo wa kichwa. Godoro linameza nyonga, usilitumie. Simu iende chumba kingine.

Hatua ya 2: Pumzi ishuke

Hapa ndipo watu wanapopita mbio, na hapa ndipo mimi nilipopoteza miezi mitatu.

Baada ya mtoto wangu wa pili nilikuwa navuja nikicheka. Nikapakua programu ya simu inayolia kukuambia bana, hesabu kumi, achia. Nikabana kwenye daladala, nikabana foleni ya maji, nikabana huku nakuna nazi. Kuachia sikukujali, maana nilidhani kubana ndiyo kazi yenyewe. Mwezi wa tatu kuvuja kuko pale pale, na juu yake nimeongeza maumivu ya kukaa na tendo la ndoa limekuwa adhabu. Mtaalamu wa fiziotherapia akaniambia: kunja ngumi, ikaze tangu asubuhi, halafu jioni nipe huo mkono uninyanyulie ndoo. Msuli wangu haukuwa mlegevu. Ulikuwa hoi.

Zoezi la kubana halina kosa. Linaitwa kwa jina la daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliyeliandikia mwaka 1948, na limewafaa wengi. Ila asiyejua kuachia hana anachobana.

Sasa elewa kilichopo ndani. Misuli ya sakafu ya nyonga imetundikwa kama susu la kuwekea vyungu, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Ukivuta pumzi, kiwambo kilicho chini ya mapafu kinashuka na susu linashuka nacho kidogo. Ukitoa, vyote vinapanda. Hiyo ndiyo ngoma yenyewe, inachezwa mchana kutwa bila wewe kuombwa, isipokuwa umeizuia.

Vaa shanga zako. Mstari mmoja unatosha, ulale juu ya nyonga bila kubana. Kama huna, funga uzi. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Kiganja kimoja kifuani, kingine chini ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne: mkono wa kifuani utulie, wa tumboni uinuke, halafu usikie mbavu za pembeni zinafunguka na shanga zinakaza kidogo ubavuni. Chini kabisa, kati ya mifupa ya makalio, kunapanuka, kama ile nukta kabla mkojo haujaanza kutoka. Usisukume kama uko chooni! Kunapanuka kwenyewe. Toa pumzi kwa mdomo ukihesabu sita, kama unapoza chai. Mpaka hapa hubani chochote.

Isipofika, kagua haya. Mkaja, ile nguo ya kumfunga mzazi tumbo: sina ugomvi na wazee, lakini ufungue wakati wa zoezi. Shoga yangu alikuwa kafungwa mkaja mpaka pumzi inaishia kifuani, halafu anashangaa kwa nini chini kumekufa. Tumbo: wengi tumeambiwa turudishe tumbo ndani tangu tunavunja ungo, na hatujui tena kwamba tumelishika. Taya: ukiuma meno, chini nako kunakaza, sijui ni wangapi nimewaona hivyo. Fungua mdomo kidogo, ulimi ulale. Ukisikia kizunguzungu au vidole vinakufa ganzi, unavuta pumzi nyingi mno. Rudi kwenye pumzi ya kawaida mpaka ipite.

Na machozi. Yanakuja kwa wengine bila sababu, yaache. Lakini aliyewahi kuumizwa anaweza kukumbuka mambo, na hapo asijitie ushujaa: fumbua macho, kaa, gusa sakafu, taja kwa sauti vitu unavyoviona chumbani. Siku hiyo imetosha. Mara nyingine awepo mtu unayemwamini, na mshauri nasaha akipatikana, bora zaidi.

Shoga yangu alikwama hapa siku tisa. Dakika kumi kila siku, na kila siku ananiambia "sisikii kitu". Siku ya kumi mvua ikapiga bati, tukanyamaza kuisikiliza, zoezi amelisahau. Nikasikia shanga zake zinagusana, che. Kimya. Che. Sikumwambia kitu mpaka zilipolia mara tano.

Hatua ya 3: Saa

Ukiwa bado chali, fikiria saa ya ukutani imelazwa juu ya tumbo lako la chini. Kitovu ni saa sita, mfupa wa kinena ni saa kumi na mbili, nyonga ya kushoto saa tisa, ya kulia saa tatu. Nasema saa zetu. Niliwahi kufundisha kwa kunakili video ya Kizungu, nikamwambia mwanafunzi "elekea kumi na mbili", yeye akaenda kwenye kinena huku mimi nasubiri kitovu. Nikamkosoa mara tatu kabla sijagundua kwamba mwenye makosa ni mimi.

Ukienda saa sita, mgongo wa chini unalala mkekani. Ukienda saa kumi na mbili, unanyanyuka, mkono unapita chini yake. Toa pumzi ukienda sita, vuta ukienda kumi na mbili. Mara kumi, halafu zungusha saa nzima, kulia na kushoto. Utakuta sehemu unairuka, labda kati ya saa saba na saa nane. Rudi hapo polepole. Makalio yasikaze, magoti yasiyumbe.

Hatua ya 4: Simama, kata

Kanga nyongani, magoti yalegee, weka chakacha. Wengine wanapenda filimbi za kihindi. Mimi kiuno changu hakizijui. Mabega yatulie. Hii unaijua.

Jambo moja tu: hapa hakuna wa kumwonesha. Kioo kifunike kanga. Ukianza kukata vizuri, ujue umerudi jukwaani. Punguza mwendo nusu mpaka usikie pumzi tena.

Hatua ya 5: Kubana, mwisho na kidogo

Wanayoga wanaiita mula bandha, kufunga mzizi, na maandiko ya hatha yoga ya karne ya 15 yanaitaja. Kaa juu ya mto. Vuta pumzi, achia. Ukiwa unatoa, pandisha kama unazuia upepo na mkojo kwa pamoja, kwa nguvu ya theluthi tu, halafu vuta pumzi huku ukishusha chini yote. Kushusha kuchukue muda mrefu kuliko kupandisha. Mara tano zatosha wiki ya kwanza. Usijipime kwa kukata mkojo katikati kila uendapo msalani, unakizoesha kibofu vibaya. Maumivu yakija, rudi hatua ya 2 na ukae huko.

Mwenye mwenzi anaweza kumwita baada ya wiki mbili tatu. Mkae mgongo kwa mgongo, mmevaa, mkisikilizana pumzi dakika tano, bila mpango wa kufika popote. Mume wa shoga yangu alisinzia. Sawa tu.

Wanaume wawili wameniuliza kama na wao yanawahusu. Sakafu ya nyonga mnayo, na waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume hufundishwa mazoezi ya aina hii. Anzeni hatua ya 2 kama wengine. Shanga hamna, basi funga msuli wa nguo ili ulegeze ule wa mwili: fundo likae chini ya kitovu, lala chali, litazame linavyopanda na kushuka.