Kusafisha kaburi la askari bila kuliharibu

Kila Siku ya Mashujaa ya Tanzania inapokaribia, Julai 25, familia nyingi hubeba rangi, chokaa na jiki kwenda kusafisha makaburi ya wazee waliopigana katika Keya (KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza enzi za ukoloni) au Vita vya Kagera. Inatia moyo kuwaona, lakini kinachoumiza ni kwamba mawe mengi huharibika siku hiyo hiyo.

Anza na ruhusa. Makaburi ya vita ya Taveta na Dar es Salaam yako chini ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Huko usisugue chochote. Ukiona ufa au jina lililofutika, mwambie mtunzaji. Makaburi ya Kaboya, mkoani Kagera, ni ya mashujaa wa vita vya 1978-1979, nayo pia yana wenyewe. Kaburi la ukoo kubalianeni na wanafamilia.

Beba ndoo mbili za lita 20 zenye maji safi, brashi laini isiyo ya waya, sponji na kijiti cha mwanzi. Nenda asubuhi, kabla jiwe halijapata moto. Lipapase kwa kidole: likimeguka kama mchanga, acha, maana hata brashi laini italing'oa. Likiwa imara, lilowanishe lote na usubiri nusu saa ili ukoga wa kijani ulainike. Kisha sugua kwa mizunguko midogo ukianzia chini kwenda juu, ukisuuza kila hatua. Ukianzia juu, maji machafu yatateremka kwenye jiwe kavu na kuacha michirizi. Ndani ya herufi tumia kijiti, kamwe si kisu wala msumari.

Sabuni ya unga na jiki huacha chumvi ndani ya jiwe. Ikikauka hupanuka na kubandua uso wake. Dawa ya choo yenye asidi ni mbaya zaidi, kwani hula marumaru, saruji na jiwe la chokaa. Rangi nayo hufungia unyevu ndani. Kibao cha shaba kisisuguliwe king'ae: ule weusi unakilinda, na kila msuguo hupunguza herufi.

Jina halisomeki? Usipake unga wala chaki. Mulika tochi ya simu kutoka ubavuni, karibu kabisa na jiwe, jioni giza linapoingia. Vivuli vitajaza herufi, nawe upige picha.

Shada la maua lisifungwe kwa waya unaoshika kutu, na mshumaa usisimame juu ya jiwe. Rudi baada ya wiki moja uondoe maua yaliyonyauka na plastiki zake.

Kama mzee mwenyewe yu hai, mwamkie, mwombe nafasi, na usimuulize aliua wangapi. Muulize namba yake ya jeshi, cheo, kikosi na mwaka aliojiunga, kisha unakili jina herufi kwa herufi kutoka kwenye cheti chake. Fundi wa kuchonga jiwe atahitaji karatasi hiyo.