Kuongeza kazi karakanani kwa kuwashirikisha mafundi: somo na maswali

Somo hili ni kwa wenye karakana za useremala na nakshi hapa Lamu, zile zenye watu watano hadi kumi na watano.

Mlango ukichelewa, wengi hukimbilia kuwahimiza mafundi. Lakini mlango wa nakshi hupita mikono mingi: wa kupasua mbao, wa miimo na kizingiti, wa mfaa (ule mti wa katikati, mbao mbili za mlango zinapokutana), wa kuchonga, wa msasa na mafuta. Muda mwingi haupotei patasi ikiwa kazini. Hupotea mlango ukiwa umeegemezwa ukutani, ukimngoja mtu wa pili. Anayejua unangoja nini ni fundi, si mwenye karakana.

Hatua ya 1: Pimeni kungoja. Kwa siku 10 za kazi, kila mlango ubandikwe karatasi. Iandikwe saa ya kuupokea, ya kuanza, ya kumaliza, na kilichosimamisha kazi. Majina yasiandikwe kabisa. Karatasi yenye majina hugeuka daftari la mashtaka, na watu wataijaza uongo.

Hatua ya 2: Kaeni dakika 15. Iwe asubuhi, kabla zana hazijashikwa, watu 4 hadi 6, kila hatua ya kazi na mtu wake. Mwanagenzi aseme kwanza, maana fundi mkuu akishatoa kauli, wadogo watanyamaza kwa adabu. Chagueni tatizo moja linalorudi na ambalo dawa yake mnayo. Mbao kukwama Mokowe, kwenye gati la bara, hamliwezi leo. Mbao kukatwa vibaya mnaliweza.

Hatua ya 3: Fukueni chanzo. Tuseme mfaa unaacha mwanya. Kwa nini? Ubao umepinda. Kwa nini? Umerandwa ukiwa bado na maji. Kwa nini? Mbichi na kavu zimelazwa pamoja, hazina alama. Basi kosa si la aliyeranda. Tengeni mafungu mawili, kila ubao uandikwe kichwani tarehe ulipoingia. Kati ya mbao wekeni fito za unene wa sm 2, kila baada ya sm 50, fito juu ya fito kwa mstari mmoja. Zikipishana, ubao utapinda palepale pasipo na fito chini yake.

Hatua ya 4. Jaribuni wiki mbili, kisha linganisheni karatasi mpya na za mwanzo.

Hatua ya 5: Jibu kila pendekezo ndani ya siku 7. Hapa ndipo panapoharibika. "Hapana" yenye sababu fundi huikubali. Kimya hakikubali, na mara ya pili hasemi tena.

Vikundi vidogo vya aina hii vilienea katika viwanda vya Japani kuanzia mwaka 1962, Kaoru Ishikawa akiwa miongoni mwa waliovisimamisha. Havihitaji kiwanda kikubwa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Maalim, mafundi wangu hulipwa kwa kipande. Si watauona muda wa kikao ni hasara?*
Ni hasara kweli, kwa hiyo ulipie. Na kazi ikienda mbio, usithubutu kupunguza bei ya kipande. Ukipunguza, umewaadhibu kwa kukusaidia.

*Fundi wetu mkubwa ni mzee wa heshima, aona anavuliwa cheo.*
Mwendee faragha kabla ya kikao cha kwanza, umweleze kwa nini wadogo watatangulia kusema. Mwachie neno la mwisho juu ya ubora: kina cha nakshi, maungio, ubao upi ufaa. Na yeye ndiye afunge kikao.

*Sisi tuko 22. Kikundi kimoja chatosha?*
Hakitoshi, fanyeni vinne. Tena kwa idadi hiyo, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yawataka muwe na kamati ya usalama, kwani inaanzia watu 20. Kamati hiyo iwe na kikao chake. Vumbi la msasa na msumeno usio na kinga visingoje zamu nyuma ya habari za mwanya wa mfaa.