Kitambaa cha Mfuko wa Ndani wa Binibegi: Kishike Punje, Kiachie Hewa

Binibegi ni kiti laini cha mfuko uliojazwa punje nyepesi. Mfuko wake wa ndani ndio unaoshika punje zote unapovua foronya ya nje kuifua. Ndio pia unaokuwezesha kuongeza punje bila kuzimwaga sakafuni, maana punje hubonyea kadiri kiti kinavyotumika na kiti hulegea.

Punje zenyewe ni za polistairini, nyingi zikiwa na kipenyo cha milimita 3 hadi 6. Kiti cha mtu mzima huchukua lita 300 hivi, na zote hazizidi sana kilo 4 au 5. Kwa hiyo usihangaike na uzito wa punje. Cha kuhangaikia ni hewa.

Mtu anapoketi, hewa iliyo katikati ya punje hubanwa na lazima itoke. Isipopata njia kwenye kitambaa, huitafuta kwenye mshono: mfuko huvimba kama puto, na mtu akijitupa kwa nguvu, uzi hukatika. Ndiyo maana nailoni ya mwavuli, turubai na kitambaa chochote kilichopakwa plastiki havifai, hata ukiambiwa havichaniki. Ni kweli havichaniki. Kinachofumuka ni mshono.

Kipime kitambaa kabla ya kununua. Kikaze mbele ya mdomo, upulize, na uweke kiganja upande wa pili. Pumzi isipofika kiganjani, kiache. Kisha kiinue kwenye mwanga. Ukiona vitundu waziwazi, ufumaji wake ni mlegevu. Mwisho kivute kwa vidole gumba viwili, kwa urefu na kwa upana: nyuzi zikiachana na zisirudi mahali pake, zitaachana hivyo hivyo kandokando ya mshono.

Chaguo letu la kwanza ni tetroni, yaani mchanganyiko wa pamba na poliesta, yenye uzito wa gramu 100 hadi 150 kwa mita ya mraba. Hupitisha hewa, hairuki sana (yaani haipungui ukubwa) inapofuliwa, na ni rahisi kushona. Amerikani isiyopaushwa nayo ni nzuri, na ina faida moja zaidi: pamba haileti umeme tuli mwingi kama nailoni, kwa hiyo punje hazikugandi mikononi wakati wa kujaza. Kasoro yake ni kuruka. Pamba mbichi inaweza kuruka asilimia 5 katika ufuaji wa kwanza. Kwa kipande cha sentimita 110 hizo ni zaidi ya sentimita 5, na mfuko hautatosha tena. Ifue kwa maji ya moto na uipige pasi kabla ya kukata.

Shuka kuukuu hufaa ikiwa bado ni imara. Kata vipande vyako kutoka sehemu za pembeni, kwa kuwa katikati, palipolaliwa miaka yote, huwa pamelika.

Kitambaa cha kuvutika kama cha fulana usikitumie: mfuko hutanuka, na matundu ya sindano hufunguka. Kile kisichofumwa, cha mifuko myepesi ya kubebea bidhaa, huchanika kufuata mstari wa matundu ya sindano kama karatasi. Chandarua huwashawishi wengi kwa sababu punje mpya hazipenyi. Lakini punje hupondeka, na baada ya muda chengachenga huanza kutoka na kung'ang'ania foronya.

Rangi iwe nyeupe au hafifu. Kitambaa cheusi kinaweza kuchujia foronya, hasa kinywaji kikimwagika.

Kwa kiti chenye kipenyo cha sentimita 90 na kimo cha sentimita 110, mita 3 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150 hutosha; kikiwa na upana wa 110, nunua mita 4 na nusu. Kata kila kipande kikiwa kipana kuliko cha foronya kwa sentimita 2 au 3. Hili wengi hulikosea, wakaukata mfuko wa ndani uwe mdogo ili uingie vizuri. Ukiwa mdogo, ndio unaobeba mkazo wote wa mtu anayeketi. Ukiwa mkubwa kidogo, mkazo huo hubebwa na foronya, ambayo ni nzito zaidi.

Tumia uzi wa poliesta, sindano namba 80 au 90, na hatua ya mshono ya milimita 2 hadi 2.5. Acha ukingo wa sentimita 1.5, na ushone mstari wa pili ndani ya ukingo huo, milimita 5 kutoka wa kwanza. Usigundishe mshono kwa gundi yenye kiyeyusho, kwani huyeyusha punje.

Zipu ya sentimita 40 inatosha kujazia. Ukishafunga, toa kishikio chake na ushone juu ya ncha. Mtoto akijifungulia mfuko anaweza kuvuta punje puani au kujiingiza ndani na kukosa hewa. Mwaka 2014 nchini Marekani viti milioni 2.2 viliondolewa sokoni baada ya watoto wawili kufa, kwa sababu zipu zake zilifunguka kirahisi.

Jaza hadi robo tatu tu. Mfuko ukishajazwa, usiupige pasi: joto hufanya punje zinywee.