Vile ya kufanya Karaf isitese developa mpya

Kama timu yenu iko na sistimu ya Java iliyojengwa na OSGi (njia ya kugawa programu ya Java kuwa moduli zinazowekwa na kutolewa ikiwa inatembea), iwe ya sacco, ya malipo ama ya bima, mnajua vile inakuwaga mtu mpya akiingia. Java anaijua vizuri, Spring ameishika, alafu anawekewa Apache Karaf, ile seva inayoendesha moduli za OSGi, na siku zinaisha akikimbizana na mistari ya Import-Package (orodha ya pakeji ambazo moduli inahitaji) badala ya kuandika kazi aliyoajiriwa kuandika. Mimi naona hiyo shida si ya huyo developa na wala si ya OSGi, hiyo teknolojia iko tangu 1999 na Eclipse yenyewe inaendeshwa nayo tangu 2004. Shida ni sisi tunaoshika platifomu, manake karibu kila kitu kinachomsumbua tunaeza kukitoa njiani kabla hajafika.

Anza na manifesti. Bando (bundle, yaani moduli ya OSGi) ni jar ya kawaida tu, ila MANIFEST.MF yake inasema inatoa pakeji gani na inahitaji gani, na hiyo orodha mtu asiiandike na mkono kabisa, akisahau moja kompaila inanyamaza na makosa yanakuja kutokea sistimu ikiwaka. Tumia bnd, ni zana inayosoma klasi zenyewe na kuandika manifesti. Weka bnd-maven-plugin kwa parent POM (faili ya Maven ya mradi mzima) ili moduli zote zirithi, na hapo hapo iambie maven-jar-plugin, kupitia manifestFile, ichukue manifesti iliyoandikwa na bnd, bila hiyo jar inatoka na manifesti ya Maven ya kawaida na Karaf haiitambui kama bando. Ukishafanya hivyo mara moja developa hana haja ya kujua.

Alafu toa BundleActivator na ServiceTracker, zile klasi za OSGi za kuwasha bando na kutafuta sevisi na mkono, kwa kodi ya biashara. Hizo ni za watu wa platifomu. Developa aandike hivi tu:

@Component
public class MalipoMpesa implements Malipo {
    @Reference
    private Daftari daftari;
}

Hiyo ni Declarative Services, sehemu ya OSGi inayounganisha sevisi yenyewe ukiziwekea alama tu, na mtu aliyetoka Spring anaisoma bila kufundishwa. Intafesi ya Malipo ikae kwa bando yake, tuseme malipo-api, ya M-Pesa ikae yake na ya benki yake, ndo ukibadilisha ya M-Pesa hizo zingine zisiguswe. Ukiweka intafesi na utekelezaji pamoja umepoteza faida yote ya kugawa moduli.

Sasa makosa, hapa ndo watu hukata tamaa kabisa. Developa anapata kitu kama hiki:

missing requirement osgi.wiring.package; (&(osgi.wiring.package=com.google.common.collect)(version>=31.0.0)(!(version>=32.0.0)))

Inatisha lakini inasema kitu rahisi sana: bando yako inataka pakeji ya Guava (maktaba ya Java ya Google), kuanzia vesheni 31 lakini isifike 32, na hakuna bando yoyote humu ndani inayoitoa. Andikeni hiyo tafsiri kwa README yenu, neno kwa neno, na mfano wa kutoka kwa mradi wenu wenyewe. Na bora zaidi, makosa hayo yasifike Karaf: karaf-maven-plugin iko na goli la verify linaloangalia kama mafungu yote ya features.xml (fungu ni orodha ya bando zinazowekwa pamoja) yanakamilika, liweke kwa bildi na mtu ataambiwa kwa mashine yake badala ya kuambiwa seva ikiwa imelala usiku wa kutoa mishahara.

Kuna kosa lingine baya zaidi kwa sababu halipigi kelele. Bando inaonyesha Active, logi iko safi, lakini sevisi haionekani. Mara nyingi ni @Reference moja haijapata mwenzake, kwa hivyo komponenti inangoja tu kimya. Mfundishe mtu amri mbili za konsoli ya Karaf siku ya kwanza kabisa: bundle:diag kwa bando iliyokataa kuwaka, na scr:list kwa komponenti inayongoja. Hizo mbili zinamaliza mambo mengi kuliko semina yoyote.

Kitu kingine ni intaneti, na hii kwa Nairobi ni ya maana sana, wengi wanafanya kazi nyumbani huko Rongai ama Kahawa na data ya simu. Karaf ikiwekewa fungu jipya inaeza kwenda kutafuta jar Maven Central, ile ghala ya jar iliyo kwa intaneti, mtu amewasha hotspoti na pesa inaisha akingoja. Tengenezeni Karaf yenu wenyewe na goli la assembly la karaf-maven-plugin, bando zote zinaingia folda ya system, mtu anafungua faili moja anaandika bin/karaf na inawaka hata bila netiweki. Ofisini wekeni Nexus moja ya kuhifadhi jar ili kila mtu asivute zile zile.

Ikishawaka, developa aandike bundle:watch * kwa konsoli, na kwa dirisha lingine mvn install. Bando za SNAPSHOT (vesheni ambazo bado zinatengenezwa) zinabadilishwa zenyewe bila kuzima kitu. Akitaka kudibagi, bin/karaf debug inafungua poti 5005.

Wengine watauliza kwa nini tusihamie moduli za Java zenyewe, zile zilikuja na Java 9 mwaka 2017. Kama hamna haja ya kubadilisha moduli sistimu ikiwa inatembea, hamieni, module-info.java na ServiceLoader zinatosha na ni rahisi zaidi. Lakini zile moduli haziangalii vesheni na haziji na njia ya kutoa moja na kuweka nyingine bila kuzima, kwa hivyo kama wateja wenu wanalipa usiku na mchana fikirieni kwanza.

Ukimaliza yote mpe mtu ambaye hajawahi kugusa OSGi hiyo README, umwambie aongeze njia moja mpya ya malipo, ukae kando bila kumsaidia, na kila mahali atasimama kuuliza ndo pa kurekebisha.