Namna ya Kupanga Safari ya Magofu ya Gede na Ndege wa Arabuko-Sokoke na Mida

Kusini mwa Malindi, katika pwani ya Kenya, mji wa kale wa Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke na mkono wa bahari wa Mida vimekaribiana kiasi kwamba mtu anaweza kuvizuru vyote vitatu kwa siku mbili bila kubadilisha mahali pa kulala. Ukaribu huo ndio unaowapoteza wengi. Hupanga ziara kwa kufuata ramani, wakiunganisha kituo kimoja na kinachofuata kwa njia fupi, kisha wakafika msituni jua likiwa limeshapanda, wakaingia Gede wakati wa joto kali, na wakamalizia Mida maji yakiwa yamekupwa mbali hata ndege wanaonekana kama nukta nyeusi kwenye tope. Kwa mwongoza wageni anayeifanya kazi hii, ratiba huanza na maji ya bahari na saa za ndege, na kila kitu kingine hupangwa kuzunguka hayo mawili.

Hatua ya kwanza: Chagua mwezi wa safari, kisha uhesabu mwezi wa angani

Ndege wa fukweni wanaokuja Mida kutoka kaskazini huanza kuwasili mwezi wa Agosti, huongezeka Septemba na Oktoba, na hukaa hadi Aprili. Kwa upande mwingine, yuko ndege adimu wa chini ya miti, wa rangi ya kahawia mgongoni na madoa meusi kifuani, aitwaye kitaalamu Geokichla guttata, ambaye hutoka kusini na kukaa katika misitu ya pwani hii takriban kuanzia Mei hadi Oktoba. Anayetaka kuwaona wote katika safari moja hana budi kulenga Septemba au mwanzo wa Oktoba, wakati kundi moja linaingia na jingine halijaondoka. Anayejali zaidi ndege wa fukweni aende kati ya Novemba na Machi, huku akikumbuka kwamba mvua za vuli huweza kumpata mwanzoni mwa kipindi hicho. Simshauri mtu kwenda katikati ya masika, kwa sababu barabara za mchanga na udongo mwekundu ndani ya msitu huharibika, na wageni wakapoteza nusu siku wakisukuma gari.

Baada ya kuchagua mwezi, chagua siku. Bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa sana na kukupwa mbali, huja wakati wa mwezi mwandamo na wa mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, na katika siku hizo maji ya pwani hii kwa kawaida hujaa alasiri, kati ya saa kumi na saa kumi na moja hivi, baada ya kukupwa asubuhi. Wakati wa maji mafu, yaani siku za maji madogo, mpangilio hugeuka, maji yakawa yamekupwa jioni, na jioni ya Mida ikawa haina faida kubwa. Kwa kuwa saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, tazama jedwali la maji la Mombasa au Malindi kwa tarehe zako kamili kabla ya kulipia chochote. Mvuvi yeyote wa Watamu, mji wa pwani ulio jirani na Mida, atakuthibitishia hesabu hiyo kwa kuangalia tarehe ya Kiislamu.

Hatua ya pili: Pata waongozaji na vibali mapema

Magofu ya Gede yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na msitu una usimamizi wa pamoja ambao mgeni ataukuta kupitia Shirika la Huduma za Wanyamapori na lile la Huduma za Misitu. Tiketi ni tofauti, kwa hiyo ulizia ada za sasa za kila mahali moja kwa moja. Usiingie msituni bila mwongozaji. Arabuko-Sokoke una eneo la takriban kilomita za mraba 420, una ndovu wanaotembea kimyakimya katika vichaka vizito, na ndege wake wanaotafutwa zaidi hawaonekani na mtu asiyejua sauti zao. Waongozaji wa hapa wamezaliwa katika vijiji vinavyopakana na msitu, na wengi wao wana masikio ambayo hakuna programu ya simu inayoweza kuyashinda.

Kuhusu vifaa, darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inafaa kuliko yenye nguvu zaidi, kwa sababu ndani ya msitu mwanga ni mdogo na ndege wako karibu. Kwa Mida, kinyume chake, darubini kubwa ya miguu mitatu ni ya lazima, walau moja kwa kundi. Vaa suruali ndefu na viatu vilivyofunika miguu, uchomeke suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na uchukue maji kuliko unavyodhani utahitaji.

Hatua ya tatu: Siku ya kwanza iwe ya msitu, kuanzia alfajiri

Fika kwenye lango la msitu kabla jua halijachomoza. Kitu cha kwanza cha kumfundisha mgeni ni kuangalia ardhi, kwa kuwa msitu huu ni misitu mitatu iliyoshikana na kila mmoja una ndege wake. Penye mchanga mweupe ipo mirihi, miti mirefu iliyoachana yenye mwanga mwingi chini yake. Penye udongo mwekundu pana vichaka vizito vya miti ya Cynometra, ambamo mtu huona mita chache tu mbele yake. Upande wa mashariki kuna msitu mchanganyiko wenye mibambakofi na miti mingine mikubwa.

Anzia kwenye mirihi. Hapa ndipo makundi mchanganyiko ya ndege hupita juu ya matawi asubuhi, na ndani yake huweza kuwamo mnana wa Clarke, Ploceus golandi, ambaye hajulikani popote duniani nje ya kaunti ya Kilifi. Mahali anapojenga viota vyake palikuwa fumbo kwa miaka mingi hadi mwaka 2013, vilipopatikana katika vidimbwi vyenye majani marefu huko Dakatcha, kaskazini-magharibi mwa Malindi. Mweleze mgeni habari hiyo mkiwa mmesimama chini ya mirihi mnasubiri kundi lipite, kwa sababu linaweza kuchukua saa nzima kufika, na linapofika hupita kwa dakika chache tu. Chozi wa Amani hukaa juu kabisa ya miti hiyo hiyo. Kipozamataza wa Sokoke, naye, yuko chini kwenye nyasi na majani makavu, na dalili yake huwa ni mwendo mdogo pembeni mwa jicho.

Jua likishakuwa kali, hamieni kwenye udongo mwekundu kumtafuta bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, ambaye urefu wake ni sentimita 16 hivi na ambaye sayansi ilimtambua miaka ya 1960. Mbali na msitu huu, anajulikana pia chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Waongozaji hujua miti anayolala mchana. Mwongozaji wako atakuonyesha tawi, nawe hutaona kitu. Atakuonyesha tena, na ghafla kile ulichodhani ni jani kavu kitakuwa na masikio mawili ya manyoya na macho yaliyofumbwa nusu, mara nyingi pamoja na mwenzake wa rangi nyingine, kwani wako wa kijivu na wako wa kahawia iliyokoza. Hapa ndipo mwongozaji wa safari anapaswa kuwa mkali. Watu wasizidi wanne kwa wakati mmoja, kamera zisiwake taa, sauti za kurekodiwa zisichezwe, na kundi liondoke baada ya dakika chache. Mahali pa kulala bundi huyo pasiandikwe wala kuchorwa kwenye ramani ya mtandaoni, hata na mtu mwenye nia njema.

Mkiwa njiani kurudi, angalieni sengi mwenye makalio ya dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu anayekimbia kwa kurukaruka juu ya majani makavu. Mchana pumzikeni.

Hatua ya nne: Asubuhi ya pili, ingia Gede lango linapofunguliwa

Wengi hudhani kwamba magofu yanaweza kutazamwa saa yoyote, na kwa magofu mengine hilo ni kweli. Gede ni tofauti kwa sababu mji umo ndani ya msitu wake wenyewe, na asubuhi sehemu zote mbili zinasomeka pamoja. Usiwapeleke wageni moja kwa moja kwenye kuta. Simameni kwanza kwenye njia, dakika kumi, bila kuongea, mkitazama sakafu ya msitu. Yule ndege wa madoa niliyemtaja hutafuta chakula kwa kufunua jani moja baada ya jingine, na nyua za nyumba za kale zilizojaa majani ni mahali pazuri sana pa kumtafuta. Juu yenu mtasikia hondohondo wakivuma kwa mbawa, na shorobo wa Fischer akiruka atafungua mbawa nyekundu ambazo akiwa ametulia hufichika chini ya kijani.

Kisha anzeni na kaburi lenye tarehe. Jiwe lake limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 wa Miladi, na tarehe hiyo ndiyo nguzo ya kufungia historia nyingine yote ya mji. Mji ulikuwapo kabla yake, ukastawi hasa katika karne ya 14 na ya 15, na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Sababu za kuhamwa zinajadiliwa hadi leo. Wako wanaotaja mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini, wako wanaotaja kushuka kwa maji katika visima, na wako wanaotaja biashara iliyovurugika baada ya Wareno kuhamishia nguvu zao Mombasa mwaka 1593. Ni vyema mwongozaji azitaje zote na asimwachie mgeni jibu moja la kupendeza.

Kutoka hapo nendeni Msikiti Mkuu. Waonyeshe kisima na mahali pa kutawadhia, mimbari ya mawe, na alama ya mkuki iliyochongwa juu ya mlango mmojawapo. Waache wasogee karibu na kibla, bila kugusa, walinganishe aina mbili za jiwe: matumbawe magumu yenye matundu yaliyojengewa kuta, na matumbawe laini yaliyotolewa baharini na kuchongwa yangali mabichi, ndiyo yenye kingo nyembamba zilizonyooka hata sasa. Tofauti hiyo ikishaingia machoni, mgeni huiona mwenyewe katika kila mlango wa ikulu na wa nyumba za jirani. Nyumba hizo zilipewa majina kutokana na vitu vilivyochimbuliwa ndani yake na James Kirkman, aliyefanya kazi hapa kuanzia mwaka 1948: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya fedha za Kichina. Vitu vyenyewe vitazameni mwishoni, katika jumba la makumbusho, ambako bakuli za China, shanga na vyungu vya rangi kutoka nchi za Ghuba huonyesha jinsi mji huu, uliojengwa kilomita chache kutoka baharini, ulivyofungamana na bahari hiyo.

Jambo moja napenda kila mgeni aondoke akilifahamu, nalo huonekana vizuri kwenye ukuta wowote ulioshikwa na mizizi. Hondohondo na ndege wengine walao matunda hula tini za miti ya jamii ya mkuyu, wakatua juu ya ukuta na kuacha mbegu. Mbegu huota katika ufa wa chokaa, mizizi ikashuka hadi chini, na baada ya miaka mti huo huo ukawa unaupasua ukuta huku ukiushikilia usianguke. Ukiukata ovyo ukuta huporomoka. Ukiuacha unaendelea kupanuka. Wahifadhi wa Gede, mahali palipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, huishi na uamuzi huo kwa kila mti, na mtu aliyekuja kwa ajili ya ndege peke yao au magofu peke yake hulipita bila kuliona.

Msiwalishe kima, na mtu asipande ukuta kumfuata ndege.

Hatua ya tano: Alasiri ya pili, tangulia maji Mida

Kosa jingine la kawaida ni kufika Mida maji yakiwa yamejaa. Fika saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa. Ingieni kutokea upande wa barabara kuu, ambako daraja la mbao hupita katikati ya mikoko, ili jua la alasiri liwe mgongoni. Ada ya daraja hilo husaidia kulipia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vinavyouzunguka msitu na Mida, kwa hiyo lipeni na mchukue stakabadhi. Kisha kaeni. Maji yanapopanda, tope hupungua, na ndege husukumwa hatua kwa hatua kuja mlipo: sululu kwanza, kisha vitwitwi wa kila aina, akiwemo yule mwenye mdomo uliopinda juu na miguu ya manjano, na heroe kwa mbali.

Anayetafutwa ni mla-kaa mweusi kwa mweupe, Dromas ardeola, mwenye mdomo mnene kama wa ndege mkubwa kuliko yeye. Mtazameni mmoja kwa muda mrefu badala ya kuhesabu kundi. Husimama wima, hukimbia hatua chache, humdaka kaa na kumtikisa hadi miguu itoke. Na mara nyingi nyuma yake yuko kinda wa kijivu, mkubwa karibu sawa na mzazi, akilia aombe sehemu yake. Ndege hao huzaliana katika visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba na Oman, katika mashimo wanayochimba mchangani, wakitaga yai moja jeupe. Pwani za Ghuba ndizo pia zilizoleta baadhi ya vyungu mlivyoviona asubuhi, na mgeni aliyeanzia Gede huliunganisha hilo bila kuambiwa.

Hatua ya sita: Ukiwa na siku ya tatu

Nenda kaskazini ya Malindi kwenye mlango wa mto Sabaki alfajiri, kwa ajili ya membe na heroe, kisha Mambrui kutazama kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za China. Hapo hamko ndani ya eneo lenye lango na tiketi: kaburi liko katikati ya watu. Salimieni, ombeni ruhusa kwa wazee mnaowakuta karibu na msikiti, na mvae mavazi ya kusitiri. Pangeni kurejea Malindi kabla ya adhuhuri, kwa kuwa mchanga wa Sabaki hauna kivuli hata kidogo.