Jinja hadi Namasagali kwa miguu: uliza mwalo unaofuata

Niseme mapema: njia yenyewe haipo. Hakuna kibao wala alama ya rangi kwenye mti. Kuna mto, Nile yetu ya Uganda, na kuna vijia vya watu wanaoshuka kuteka maji, kunywesha ng'ombe na kupokea samaki. Ukijua kuviunga vijia hivyo, utafika. Bahari sikuifikia, iko Misri, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa. Mimi nilitoka Jinja nikaishia Namasagali, mto unapokaribia Ziwa Kyoga, na huko ndiko ninakoweza kukuelekeza. Tulikuwa wawili, mimi na kijana wa kaka yangu, siku tano.

Nenda Januari au Februari. Mvua za Machi zikianza, udongo wa kule unang'ang'ania kiatu mpaka unadhani umevaa tofali.

Anzia upande wa mashariki, upande wa mjini. Ng'ambo kuna mnara wa Speke, mpelelezi Mwingereza aliyefika hapa 1862 na kuyaandika maporomoko ya Ripon. Usiyatafute. Yako chini ya maji tangu bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilipokamilika 1954. Kwenye bwawa usijaribu kufuata ukingo. Pana uzio na pana askari, kwa hiyo rudi barabarani, simu iwe mfukoni. Mimi ni mtoto wa kambi ya askari, Kiswahili chao nimekinywa na maziwa, na hata hivyo sikuwapungia mkono.

Bujagali utaikuta imetulia kama sinia la maji. Utotoni mwangu vijana walikuwa wanajitosa kwenye maporomoko yale wamekumbatia mtungi wa njano, wanaibukia chini huko, kisha wanapita kuomba hela kwa watazamaji. Bwawa la pili lilimaliza mchezo huo, na tangu 2012 umeme unatoka pale. Ukitaka kuisikia Nile ikinguruma nenda mpaka maporomoko ya Itanda. Pale kaa. Sisi tulikaa saa tatu nzima bila kupanga, tukala chapati zetu zote za siku.

Kosa letu kubwa lilikuwa siku ya pili. Nilimuuliza kijana wa boda njia ya Namasagali. Akanionyesha vizuri tu, kwa heshima zote, na njia yenyewe ilikuwa barabara kuu. Tulitembea asubuhi nzima tunakula vumbi la malori ya miwa, mto hatuuoni hata rangi. Saa sita tukapumzika kwa bibi mmoja aliyekuwa anamenya muhogo barazani. Akatutazama miguu, akacheka. "Mwanangu, mbona unauliza mbali hivyo? Anayeuliza Namasagali anapewa barabara. Uliza mwalo."

Basi tangu hapo tukawa tunauliza mwalo. Mwalo ni pale mitumbwi inapotua, na kila mwalo unaujua wa jirani yake. Ukifika, salimia kwanza: upande huu ni Busoga, "Kodheyo" inafungua milango mingi, na mzee usimsalimie ukiwa umesimama kama mlingoti. Kisha uliza jina la mwalo unaofuata. Atakuonyesha kwa midomo, si kwa kidole, kwa hiyo mtazame usoni, la sivyo utajikuta unauliza mara tatu.

Umbali usiuulize. Jibu ni "hapo tu", na hapo tu inaweza kuwa dakika kumi au nusu siku. Uliza watu wa kawaida, si mwenye pikipiki: "Kutoka hapa mpaka pale boda ni shilingi ngapi?" Wakikuambia elfu moja, tembea. Wakikuambia elfu tano, nunua mandazi kwanza.

Mara nyingine kijia kinakufa kwenye mafunjo. Usikanyage. Yanaonekana kama nchi kavu na si nchi kavu. Ama uzunguke kwa juu, ambako utapoteza saa mbili, ama ukodi mtumbwi. Patana bei kabla ya kukalia ubao, na uliza jaketi la kuokoa maisha hata kama watakucheka. Wetu ulikuwa unavuja kwenye kiungo cha mbele. Mwenye mtumbwi alipiga kasia bila wasiwasi huku mtoto wa miaka kumi hivi akichota maji kwa mtungi uliokatwa, anachota, anamwaga, anatuangalia sisi na mikoba yetu mapajani kama tuliobeba mayai.

Maji ya mto usioge wala usivuke kwa miguu, kichocho kimejaa. Ukishalowa, hesabu wiki sita mpaka nane, kisha nenda ukapimwe, maana dawa yake, prazikwanteli, inaua minyoo iliyokomaa na ukimeza mapema mno unaweza kubaki nao. Ya kunywa chukua kwenye kisima cha pampu, wenyewe wanaita nayikondo, na uyachemshe au uyatie dawa. Chandarua usiache. Habari za viboko ziulize mwaloni kila jioni, na giza likianza toka ukingoni.

Kulala: kila mji mdogo wenye soko hukosi chumba. Pasipo na chumba, mtafute mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kabla jua halijazama, umwonyeshe kitambulisho. Hii si adabu tu. Mgeni mwenye mkoba ukingoni mwa mto huu anadhaniwa mpima ardhi. Mashamba yamezama kwa ajili ya mabwawa, la Isimba likiwa la karibuni kwenye kipande hiki, 2019, na watu wamechoka kupimiwa. Mimi niliulizwa mara nne nimetumwa na nani. Kipande cha sabuni na kilo ya sukari kwa mama mwenye nyumba vilijibu vizuri kuliko mdomo wangu.

Viatu viwe vya zamani. Kijana wetu alinunua vipya, akafika Namasagali na sandali za tairi na kucha moja pungufu.

Namasagali penyewe palikuwa na makuu yake. Reli kutoka Jinja ilifika 1912, na meli zilikuwa zinapokea mizigo hapo kuvuka Kyoga hadi Masindi Port. Sasa ni wavuvi, shule, na vyuma vinavyoliwa na kutu. Kurudi, chukua boda mpaka Kamuli, hapo teksi za Jinja hazikosekani.

Tulimkuta mzee anashona wavu. Nikamuuliza ziwa liko wapi. Akatokeza midomo upande wa kaskazini. "Hapo tu." Nikamuuliza nauli ya mtumbwi. Aliponitajia, kijana akavua sandali, akakaa chini.